Mchezo Usiotajwa Nyumbani

Nyumbani kwetu Keshero kulikuwa na neno moja ambalo hakuna mtoto aliyethubutu kulitamka mbele ya Mama, na halikuwa tusi. Matusi tuliyasikia kwa majirani bila kuyaomba, na Mama mwenyewe, akichokozwa sokoni, alikuwa nayo machache ya kwao Bukavu ambayo hadi leo sijapata mtu wa kunitafsiria. Neno lenyewe lilikuwa échec. Kwa Kifaransa cha shuleni, échec ni kuanguka. Mwanafunzi anayerudia darasa kapata échec; mfanyabiashara aliyefilisika, hivyo hivyo. Sasa, kwa bahati yangu mbaya, mchezo wa sataranji nao kwa Kifaransa unaitwa échecs, na kila unapomtishia mfalme wa mwenzako unatangaza kwa sauti: échec. Kwingineko mtoto anaweza kuingia ndani akirukaruka na kumwambia mama yake kwamba amekuwa bingwa wa sataranji. Kwetu angekuwa amemwambia kwamba yeye ni bingwa wa kufeli.

Mama alikuwa mtu wa kikundi cha sala cha parokia. Kila Jumatano jioni walikusanyika kukemea mambo yanayosumbua familia, na roho ya échec haikukosa kutajwa: échec ya masomo, ya ndoa, ya biashara, ya safari. Nilidhani chuki yake ilitoka huko, kwenye makelele yale na jasho lile. Nilimwona mtu wa imani za kupita kiasi, na kwa kuwa nilikuwa na kichwa kigumu, nilimcheka kimoyomoyo kwa miaka mingi.

Baba yetu, tuliyemwita Papa, ndiye aliyenifundisha sataranji. Alikuwa karani kwenye ofisi ndogo ya kutoa mizigo forodhani, karibu na mpaka, mtu mpole ambaye hajawahi kugombana hata na kuku. Mchezo aliujifunza kwa mapadri alipokuwa shule ya bweni. Ubao wake ulikaa chini ya kitanda, umefungwa kwenye kipande cha kitenge kilichochuja, na ulitoka Jumatano tu, Mama akishapita geti na biblia yake. Tulicheza mezani, sikio moja likiwa kwenye mchezo na jingine kwenye geti. Lile neno hatukulisema hata Mama alipokuwa mbali. Kuta zetu zilikuwa za mbao, na jirani yetu alikuwa kwenye kikundi kile kile. Badala yake Papa alikuwa na ukucha mrefu wa kidole cha mwisho, kama walivyokuwa nao makarani wengi wa umri wake, na aliponitishia mfalme aligonga meza polepole, ko, ko. Mimi nikamjibu vivyo hivyo zamu yangu ilipofika. Sikujua kwamba mchezo huo unaweza kuchezwa kwa namna nyingine.

Nilikuwa mwoga tangu hapo. Nasema wazi kwa sababu watu hudhani bingwa ni mtu asiyeogopa. Nilimwogopa Mama kurudi mapema, nikaogopa kushindwa, na nilipozidi kukua nikaogopa kumshinda Papa, kwa sababu siku niliyomshinda mara ya kwanza alicheka vizuri tu lakini hakumaliza chai yake.

Alipokosa tena cha kunifundisha, nilianza kupita Mabanga nikitoka shule. Huko, mbele ya kibanda cha kuchaji simu, walikuwa wazee na vijana waliocheza kutwa nzima, wauza viatu, fundi wa redio, mwalimu mmoja mstaafu. Walicheza kama watu wanaogombana. Kete ilipigwa ubaoni mpaka nyingine zikahama nyumba zao, na échec ilisemwa kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Walikuwa na sheria yao moja ambayo haimo kwenye kitabu chochote: échec isiyosemwa haipo. Ukimtishia mtu mfalme ukanyamaza, halafu ukataka kumla, unaitwa mwizi na ubao unapanguliwa.

Mimi neno hilo lilikuwa halinitoki mdomoni. Nilijaribu. Nilifungua mdomo, nikaona uso wa Mama, nikaufunga. Kwa hiyo wanaume wale niliowabana kila kona walikuwa wakisimama na kusema kwamba msichana hajasema kitu, basi hakuna kitu, na mchezo nilioushinda ukawa si wangu. Nililia kwa hasira siku moja, mbele yao, jambo ambalo bado linaniudhi. Mwalimu mstaafu ndiye aliyewaambia waniache nigonge meza, kama nilivyokuwa nikifanya. Wakakubali kwa kunitania. Walisema nabisha hodi kwa mfalme, na kila nilipogonga walijibu kwa pamoja karibu, karibu ndani. Baada ya muda, kwa mzaha uleule, nao wakawa wananigongea. Nikaishi hivyo miaka: nyumbani kugongewa, Mabanga kugongewa. Nilikuwa hodari kweli, lakini hatari ilikuwa inaniita kwanza ndipo naigeukia.

Mama alijua kwa njia ambayo leo naicheka, ingawa wakati ule sikuicheka. Mzee mmoja wa Mabanga alikwenda kwenye meza yake ya vitenge sokoni kumnunulia mkewe nguo ya Pasaka, akamtambua kwa sura yangu. Nilikuwa nimekaa nyuma nikikunja nguo. Yule mzee akamshika Mama mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama, tunakupongeza sana," akasema. "Mutoto wako njo champion yetu ya échec. Hakuna mwanaume mwenye anamuweza."

Mama aliachia kitenge. Alifanya ishara ya msalaba polepole, akamwambia mzee bei, akapokea pesa, akasema asante. Kwangu hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani, na hata huko alimwuliza Papa, si mimi. Papa akakumbuka ghafla kwamba mfereji wa maji ya mvua nyuma ya nyumba ulikuwa umeziba, akatoka.

Mama hakunikataza. Ingekuwa afadhali. Badala yake akawa ananisubiri mlangoni. Siku zile milio ya risasi na mabomu ilikuwa inasikika kutoka upande wa Sake, siku nyingine mbali, siku nyingine kama iko hapo tu nyuma ya Lac Vert, na watu walikuwa wakishuka na magodoro kichwani. Kila nilipochelewa Mabanga nilimkuta amesimama, mkono kwenye fremu ya mlango, na tension yake, yaani presha ya damu, ilikuwa inapanda, hilo daktari alisema. Kwa hiyo nilicheza nikimwona amesimama pale. Nilikuwa nikitafuta kumaliza michezo haraka, nishinde niondoke, na ajabu ni kwamba haraka hiyo ndiyo iliyonifanya nitishe. Nikawa bingwa wa wanawake wa mji. Tusilikuze sana jambo hilo. Tulikuwa wachache, na mmoja wetu alicheza huku ananyonyesha na karibu anishinde.

Halafu ikatangazwa michuano ya jimbo, na mshindi wa wanawake angekwenda Kinshasa kucheza na mabingwa wa majimbo mengine. Nilikuwa nimemaliza shule, nipo nyumbani nasubiri chuo ambacho kilikuwa kinafungwa na kufunguliwa kufuatana na hali ya mji. Nilizunguka na habari ile kifuani siku kadhaa. Mwishowe nilimwambia Mama akiwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, ili awe na kitu mkononi.

Alitwanga mpaka akamaliza. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Ukishinda, utaenda, sitakufunga miguu. Ukianguka, ile mambo inaisha. Unakuja kukaa na mimi ku soko."

Nikasema ndiyo, Mama. Tangu siku ile sikula vizuri. Niliota kete zinayeyuka mkononi kama sabuni, nikaamka nikimchukia Mama kwa masharti yake na kujichukia mimi kwa kumchukia. Sataranji ndiyo kitu pekee nilichokuwa nakiweza. Sikuwa mrembo wa kutajwa, sikuwa na sauti ya kwaya, hesabu zangu shuleni zilikuwa za kawaida. Nikiondolewa ubao ule, nilikuwa sioni kinachobaki.

Michuano ilifanyika kwenye ukumbi wa parokia moja mjini. Mwamuzi alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani na shati lililopigwa pasi mpaka likakakamaa. Alitusomea sheria kwa Kifaransa cha haraka. Simu kuzimwa. Ukigusa kete, unaichezesha. Hakuna kusema wala kufanya chochote cha kumsumbua mwenzako, na kutangaza échec ni kumsumbua. Anayecheza hatua isiyoruhusiwa, kama kumwacha mfalme wake hatarini, anaonywa, akirudia, ameshindwa. Nilifurahi, nakumbuka vizuri. Wanaume wa Mabanga walikuwa wamekaa nyuma na nyuso za msiba, kwa sababu kucheza bila kupiga kelele kwao ni kama kula bila mikono, lakini mimi niliona sheria hiyo imetungwa kwa ajili yangu. Hatimaye mahali ambapo hakuna anayenilazimisha kusema lile neno.

Michezo ya kwanza nilipita. Wale walikuwa wa mji, tunafahamiana, na ingawa walijizuia kusema, mazoea yao yaliwasaliti: mmoja aliinua nyusi, mwingine alikohoa. Fainali nikapewa msichana wa watu wa Butembo, baba yake mfanyabiashara wa masafa marefu. Alikuwa amejifunzia kwenye simu, akicheza na watu asiowajua wala kuwaona. Uso wake ulikuwa mtupu kabisa. Alisogeza kete zake kwa ncha za vidole, bila sauti, akabonyeza saa, akakaa.

Nilikuwa naongoza. Nilikuwa na farasi mmoja zaidi yake, na mfalme wake alikuwa uwanjani hana nyumba. Nikanyoosha mkono kusogeza ngome yangu, nikabonyeza saa, na yule msichana akainua mkono kumwita mwamuzi. Mwamuzi akanionyesha kwa kidole. Kichaa wake, ndivyo tunavyoiita kete ile inayokwenda mshazari kwa kuwa Wafaransa wenyewe wameiita mwendawazimu, alikuwa kwenye pembe ya mbali kabisa, na kutoka huko alikuwa anamtazama mfalme wangu. Nilikuwa nimetishiwa na sikujua. Nikaonywa, msichana akaongezewa muda kwenye saa yake, tukaendelea.

Sikuelewa bado kwa nini sikumwona. Nilifikiri ni uchovu, ni njaa. Nikawa naangalia kila kichaa, kila pembe, mpaka macho yakauma, na masikio yangu, bila mimi kuyatuma, yalikuwa wazi yanasubiri. Yeye akasogeza askari mdogo, hatua moja mbele. Nikamwangalia yule askari. Hakuwa anatishia kitu. Nikala malkia wake kwa farasi wangu, na ukumbi ukaguna, nami nikadhani wanaguna kwa furaha. Kando ya nafasi aliyoiacha yule askari ilikuwapo ngome, kwenye mstari mmoja na mfalme wangu, na njia ya kwenda kwa mfalme wangu ilikuwa nyeupe.

Mwamuzi alisimamisha saa. Aliniambia kwa upole, nadhani hata alinionea huruma, kwamba ni mara ya pili. Yule msichana wa Butembo alinipa mkono. Malkia wake nilikuwa bado nimemshika, na ndipo nilipoona kwamba mkono wangu wa kushoto, chini ya meza, ulikuwa umekunja kidole tayari kujibu ko, ko ambayo haikuja. Miaka yote hiyo sikuwa nimejifunza kuangalia. Nilikuwa nimejifunza kusikia.

Papa alikuwa amesimama getini, hakuthubutu kuingia. Aliniona, akavua kofia, kana kwamba kuna maiti inapita. Sikumlaumu, na sitamlaumu. Alinipa alichokuwa nacho kwa namna aliyoweza. Lakini siku ile sikutaka kuuona ukucha wake.

Mama sikumwambia. Alfajiri iliyofuata nilivaa kitenge, nikabeba mzigo wa nguo kichwani, nikamfuata sokoni. Yeye naye hakuuliza. Alinitolea kiti, akanionyesha bei za mwisho na bei za kuanzia. Nikauza. Nilikuwa muuzaji mbaya, mwenye uso wa kufukuza watu, na wateja walinipita kwenda meza ya jirani. Mama aliona na hakunigombeza, na kutogombezwa huko kulinitia wasiwasi kuliko kelele. Nilihisi ananipima. Nilidhani anafurahi kwamba roho ile imetoka nyumbani kwake, na kila jioni nilikunja vitenge nikisema moyoni kwamba hivi ndivyo itakavyokuwa, mpaka nizeeke, kunja na kunjua.

Tulikuwa hivyo mpaka matokeo ya mtihani wa taifa yakatoka. Kwetu aliyefaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani, na siku hiyo mji mzima unanukia kama mtoto aliyeogeshwa. Vijana walipita mbele ya soko kwenye pikipiki, watatu watatu, weupe kama mahindi ya kusaga, wanaimba, na mama zao wanakimbia nyuma wakiwamwagia tena. Mama aliacha kazi, akawatazama. Nilifikiri atasema Bwana asifiwe.

"Kwetu poudre ilikuwa imenunuliwa mbele ya matokeo," akasema.

Sikuelewa. Nikamwuliza poda gani.

"Ya diplôme yangu. Mama yangu aliinunua, akaiweka ku dirisha, majirani yote waione. Kisha matokeo ikatoka, jina yangu haikuwemo." Alikuwa ananyoosha kitenge ambacho kilikuwa kimenyooka tayari. "Nilianguka mara moja tu. Moja. Na ile poudre ikabaki ku dirisha, na hakuna mutu mwenye aliniambia rudia."

Nilikuwa nimeishi naye maisha yangu yote, nimemcheka na Jumatano zake, na sikuwahi kumwuliza hata mara moja kwa nini neno moja la Kifaransa linamfanya apate kizunguzungu. Nikamwona ghafla akiwa wa umri wangu, anatazama kopo la poda. Nililia, na safari hii sikuona haya.

"Mwaka ujao utarudia," akasema.

Nikamkumbusha tulivyopatana.

"Nilisema vibaya," akasema Mama, na akageuka kumhudumia mteja.

Nikaanza upya, kama mtoto. Papa alikaa juu ya mkono wake wa kulia ili asigonge, masikini, na mara nyingi alisahau. Kila mtu aliposogeza kete nilijilazimisha kwenda kwa mfalme wangu kwanza na kuuliza nani anamwona, hata kama aliyesogezwa ni askari wa pembeni kabisa. Ilikuwa kazi ya kuchosha na ya aibu, bingwa wa mji kucheza taratibu hivyo mbele ya wauza viatu. Woga haukutoka. Ulihama tu, kutoka masikioni kwenda machoni, na huko ukanifaa. Mwaka uliofuata nilichukua ubingwa wa jimbo, na nimeuchukua tena baada ya hapo. Kinshasa nilifika, kwa kuzunguka nchi za jirani kwa sababu ndege zilikuwa haziondoki kwetu, na nimefungwa huko na watu wanaojua, na nimewafunga wengine. Naogopa mpaka leo kabla ya kila mchezo. Wanaoniuliza dawa yake nawaambia sina.

Lakini siku ile ya ubingwa wa kwanza wa jimbo Mama alikuja ukumbini. Alikaa kiti cha nyuma na rozari, kati ya wanaume wa Mabanga, na nilikuwa namsikia akipumua, au nilidhani namsikia. Niliyecheza naye fainali alikuwa msichana mdogo wa familia ya Beni, bado na sare ya shule. Alicheza vizuri kuliko umri wake. Mwishoni aliachia kete moja ikaanguka, nami nikammaliza.

Watu wakasimama. Wanaume wa Mabanga, baada ya kujibana siku nzima, walipiga kelele za siku nzima. Nikainuliwa, nikapewa kombe, nikazungusha macho kumtafuta Mama. Nilitaka anione. Nilikuwa nimengoja tangu utoto anione na kitu kile mkononi, na sikuwa tayari kugawana dakika hiyo na mtu.

Kiti chake kilikuwa kitupu. Nilijipenyeza mpaka mlangoni, kombe kwapani, nikiwa nimeanza kukasirika. Nje, kwenye ukuta wa mawe meusi, yule msichana wa Beni alikuwa amekaa peke yake, ameinamia magoti. Mama alikuwa amechuchumaa mbele yake na kitenge chake kizuri kikiburuta vumbini, amemshika mikono yote miwili, na alikuwa anamwambia kitu ambacho sikukisikia. Nilisimama mlangoni mpaka alipomaliza, na ilimchukua muda mrefu.